Kifaa Kimoja, Watu Sita

Binamu yangu aliporudi Kitale kutoka baharini, kila mtu nyumbani alipata kitu. Mama alipata manukato, watoto wakapata chokoleti zilizoyeyuka njiani, na mimi nikapewa kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye tundu la chaji na taa moja ya buluu. "Hiyo ni ruta ya safari," akaniambia. "Imenisaidia kuliko pasipoti."

Alikuwa amemaliza mkataba wa miezi tisa akifua shuka kwenye meli ya kitalii. Huko, alinieleza, intaneti huja kwa setilaiti na huuzwa kwa kifaa. Ukitaka simu iingie, lipa. Ukitaka na tableti iingie, lipa tena. Walikuwa wanne katika chumba kimoja kisicho na dirisha, kila mmoja ana watu wa kupigia nyumbani, na kwa mshahara wa kufua shuka bei ile ilikuwa inauma. Basi wakachanga, wakanunua kifurushi kimoja, wakakiingiza kwenye ruta, na ruta ikawagawia wote. Mtambo wa meli ukawa unaona kifaa kimoja tu.

"Na si huo ni wizi?" nikamuuliza, nusu mzaha.

"Wizi gani? Meli yenyewe ni kama mji mzima. Nani ameumia?"

Alisema hivyo kufunga mjadala, nami wakati ule nilikubali kwamba umefungwa. Imenichukua karibu mwaka mzima kuona kwamba swali lake lilikuwa linataka jibu.

Kwanza tuelewane jinsi kidude kinavyofanya kazi, maana wengine husikia habari hizi na kufikiria udukuzi. Simu yako ikiingia kwenye waifai hujitambulisha kwa namba yake, na anayeuza intaneti huhesabu namba hizo. Ruta ya safari huingia kama vile ni simu moja, hulipiwa kama simu moja, halafu kwa upande wa pili inatoa waifai yake yenyewe. Simu sita zikiuliza kitu, inauliza kwa niaba yao. Majibu yakija, inakumbuka lipi ni la nani.

Ujanja huu ni wa zamani. Uliandikwa rasmi mwaka 1994, wahandisi walipoona kwamba anwani za intaneti za wakati huo, ambazo zote kwa jumla hazikufika bilioni 4.3, zingekuja kuisha. Dawa yao ilikuwa kuiacha ofisi nzima au nyumba nzima isimame nyuma ya anwani moja. Ruta iliyo sebuleni kwenu inafanya hivyo sasa hivi. Kwa hivyo siwezi kusema kwamba kugawana kwenyewe ni kosa. Mtandao wote umejengwa juu ya kugawana.

Januari nikarudi Bungoma, ambako nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, kidude kikiwa ndani ya soksi kwenye begi. Matatu ilipita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na tulipofika Kanduyi nilikuwa nimeshapiga hesabu.

Tulikuwa tunaishi kwenye ploti ya vyumba 24, upande wa barabara ya Chwele. Waifai ya ploti ilikuwa ya jamaa mmoja aliyemaliza chuo miaka michache mbele yetu. Alitafuta kazi, akachoka, akalipia laini ya faiba ya megabiti 20, akavuta nyaya mwenyewe na kuweka kisanduku kila korido. Bei yake: shilingi 20 kwa siku au 400 kwa mwezi, kwa kifaa kimoja. Unatuma kwa M-Pesa, unapata namba ya siri, unaingia.

Nikalipa 400. Nikawasha kidude. Siku ya pili nilikuwa na wateja watano, wasee wa korido yetu, pamoja nami sita. Mwenye waifai kwenye orodha yake aliona simu moja inayopenda sana intaneti.

Nilijiona mtu mzuri. Kwetu ukiwa na chakula na mwenzako ameketi hapo, unamkaribisha, na mtu anayekula peke yake huangaliwa vibaya. Nilikuwa nafanya kile mama alichonifundisha, ila kwa megabiti badala ya ugali. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na hivyo ndivyo wasee walivyoniambia.

Kisha ukafika usiku mmoja wa mechi, Jumatano, kama saa nne. Mlango ukabishwa. Alikuwa jirani wa chumba namba 9, dada aliyekuwa amemaliza diploma na sasa alikuwa akifanya kazi ya kusikiliza rekodi za sauti na kuandika yaliyosemwa, kwa wateja wa ng'ambo, akilipwa kwa dakika. Alikuwa ameshika laptopu wazi mkononi kama mtu aliyebeba sahani.

"Samahani. Kwako inashika? Nina kazi ya kutuma kabla ya saa tano."

Nyuma yangu kulikuwa na wasee watano kitandani, kila mmoja na simu yake, na kila simu na mpira wake. Nikasimama katikati ya mlango asione ndani.

"Hata kwetu inasumbua," nikasema.

Akashukuru, akaenda. Kesho yake nikasikia kwamba kazi haikufika kwa wakati, kwamba alama zake kwa wale wateja zilishuka, na kwamba sasa kazi mpya hazikuwa zikimjia. Yeye alikuwa amelipa 400. Kifaa kimoja, mtu mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri, na ninakiri kwamba mwanzoni nilifikiri kama wakili wangu mwenyewe.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa: nimelipa, ni changu. Nikinunua mandazi moja nikaligawa vipande sita, mama wa mandazi ananidai nini? Lakini mandazi nikilimega, la jirani halipungui. Laini ya ploti haiko hivyo. Inafanana zaidi na mfereji mmoja wa maji unaohudumia vyumba 24. Video moja ya picha safi hula kama megabiti 5 kwa sekunde. Wanne wakitazama mpira kwa pamoja, megabiti 20 zimekwisha. Yule jamaa alipouza kwa bei ya 400 alikuwa anategemea kwamba wateja wake hawatafungua mfereji wote kwa wakati mmoja, na kila anayeuza intaneti, mkubwa kwa mdogo, hufanya hesabu ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nimeingiza mitungi sita kwenye foleni kwa jina la mtungi mmoja.

Hoja yangu ya pili ilikuwa nzuri zaidi, na nilijivunia kuigundua: yeye mwenyewe si msafi. Laini aliyolipia ilikuwa ya matumizi ya nyumbani. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, ya mwaka 1998, inataka anayeuza huduma za mawasiliano awe na leseni, na sikuwahi kuona leseni yoyote ukutani kwake. Kisanduku chake kilikuwa kinaifanyia kampuni kile kile ambacho kidude changu kilikuwa kinamfanyia yeye: watu wengi nyuma ya jina moja. Sasa aniambie nini?

Labda hangekuwa na la kuniambia. Lakini hoja hiyo inamjibu yeye tu. Dada wa namba 9 hakuwa amevunja mkataba wa mtu. Makosa ya aliye juu yangu hayakumgusa aliye kando yangu, ila nilikuwa nimeyatumia kama mwavuli dhidi ya wote wawili.

Na kuna jambo sijawaambia. Wale watano nilikuwa nawatoza soo kila mmoja. Mia tano kwangu, mia nne kwa mwenye waifai, mia moja inabaki, na mimi mwenyewe natumia bure. Hadithi ya mama na ugali haikuwa kweli. Mwenye kukaribisha mgeni mezani hamtozi, na hamkaribishi kwenye sahani ya jirani.

Si mbali na Kitale, ukivuka milima ya Cherangany na kushuka upande wa bonde la Kerio, Wamarakwet wana mifereji ya kumwagilia mashamba waliyoichimba mababu zao karne kadhaa zilizopita. Maji yanatoka mlimani, yanafuata kingo za mawe na udongo, yanafika mashambani bondeni. Hayatoshi wote kwa wakati mmoja, basi yanagawanywa kwa zamu, ukoo na ukoo, na kila mtu anajua zamu ya nani ni lini. Niliposoma habari hizo maktabani nilivutiwa na jambo dogo: mfereji uko wazi. Ukiyageuza maji yaingie shambani kwako wakati si zamu yako, aliye chini yako ataona mfereji umekauka, na atapanda kuja kuuliza. Ninalotamani kujua ni utamjibu nini akikukuta.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi watu wanaoshiriki vitu kama hivyo: maji, misitu, samaki. Aliona kwamba kitu cha pamoja si lazima kiharibike, wala si lazima serikali au tajiri akichukue ndipo kipone. Watumiaji wenyewe wanaweza kujiwekea kanuni zinazodumu, mradi waweze kuangaliana, na anayekosea aanze kwa adhabu ndogo kabla ya kubwa. Nikatazama korido yetu. Kanuni ya jamaa, kifaa kimoja kwa 400, ilikuwa kanuni mbovu, sikatai. Inamtoza mwanafunzi mwenye simu na laptopu mara mbili hata kama hawezi kutumia zote kwa pamoja. Lakini sikuwahi kumwambia kwamba ni mbovu. Nilinyamaza nikaizunguka, na kwa kuwa mfereji wetu hauonekani kwa macho, dada wa namba 9 alipopanda kuuliza, nilimdanganya.

Nadhani hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Kuipita hesabu ya vifaa ni jambo dogo, na siwezi kuapa kwamba sitaipita tena mahali pengine. Kosa ni kwamba nilijigawia kitu cha watu wengi kwa namna ambayo ilihitaji wasijue. Tangu siku hizo nina kipimo kimoja cha kishamba: je, ninaweza kufanya hivi mlango ukiwa wazi?

Mwisho wa mwezi nilimtafuta mwenye waifai. Alikuwa juu ya ngazi akifunga waya. Nilimweleza kila kitu, hata ile mia.

Akashuka polepole. "Bro, mimi nilikuwa nalaumu kampuni. Nimewapigia simu mara tatu, nikawatukana."

Hakunifukuza. Alidai mia tano ya miezi niliyokula, na nikamlipa kwa awamu tatu. Kisha tukabishana, na nilipata nafasi ya kumwambia kuhusu kanuni yake. Leo anauza kwa chumba badala ya kifaa: shilingi 600, ingiza simu unazotaka, lakini kila chumba kina kikomo cha kasi ambacho hakiwezi kupita. Wasee wangu watano walinikasirikia wiki mbili, kwa sababu mpira sasa unaonekana kwa picha ya ukungu. Wengine bado wananiita mchungaji. Na suala la leseni yake lipo pale pale. Sijui kama kuna siku atapandiwa na yeye.

Kwa dada wa namba 9 sikwenda. Nilikuwa nikijiambia nitakwenda Jumamosi, na Jumamosi zikapita. Aprili alihama. Nilimsaidia kubeba godoro hadi kwenye pikapu, akanishukuru kwa mara ya pili, na bado sikusema.

Agosti nilikuwa Kitale tena. Binamu alikuwa anafunga begi kwa mkataba mwingine, akaomba kidude chake. Siku hizi, alisema, wanapekua, kwa sababu kampuni kadhaa za meli zimeweka ruta kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa, lakini atajaribu. Nilimpa. Nikamsimulia habari za Bungoma, mlango, laptopu, godoro.

Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Chumba cha pili yetu kulikuwa na Mfilipino," akasema. "Ana mtoto mdogo. Kila usiku ungemkuta koridoni ameinua simu juu hivi, anatafuta mtandao. Tulikuwa tunamcheka."

Sikumwambia kitu, maana mimi nani? Bei ile ya melini haikuwa ya haki, na yeye hakuwa na ngazi ya kumfuata aliyeipanga, kama mimi nilivyokuwa nayo. Akakishika kidude mkononi kwa muda, taa ikiwa imezimwa. Halafu akakiingiza ndani ya soksi, akafunga zipu ya begi.