Chombo Kisichooza

Fundi anayekagua boti ya faiba kabla haijanunuliwa hana haja ya mashine. Hushika nyundo ndogo ya plastiki, au sarafu tu, akaugonga ubavu wa boti taratibu kutoka omo hadi tezi, sikio limetegwa. Palipo pazima sauti hutoka kavu na fupi. Palipoachana matabaka ndani kwa ndani, sauti hufifia, kama mtu anayegonga papai lililoiva. Boti ya alumini haina siri za namna hiyo. Ukiigonga inalia kama sufuria, na kasoro zake nyingi ziko nje, zinaonekana kwa macho: ubavu uliobonyea, ufa kwenye weldi, vishimo vyenye unga mweupe pale chumvi ilipoanza kula.

Mazungumzo ya wanunuzi huanzia hapo, na mara nyingi huishia hapo hapo. Alumini ni nyepesi, kwa hiyo injini ndogo inatosha na petroli inapungua. Ikigonga mwamba huelekea kubonyea kabla ya kupasuka. Lakini wimbi likiipiga ina kelele, jua la mchana huifanya ichome nyayo, na katika maji ya chumvi haielewani kabisa na shaba: zikigusana, alumini ndiyo inayoliwa. Faiba ni nzito zaidi, hulikata wimbi kwa utulivu, hufuata umbo lolote la kalibu yake, na chumvi haiili.

Haya yote yana uzito mkubwa kwa mtu ambaye roho yake na riziki ya wanawe vimo ndani ya chombo hicho. Lipo, hata hivyo, swali ambalo haliulizwi dukani wala kwenye semina za mikopo: chombo hiki kitakufaje, na nani atakizika? Linaonekana kuwa swali la watu wa mazingira. Kwa hakika ni swali la dini, na dini imelizungumza muda mrefu kabla ya faiba kuwapo.

Wasomaji wa Suratul Kahf wanakijua chombo cha maskini waliokuwa wakichuma riziki baharini. Nabii Musa alikipanda pamoja na mja mwema ambaye wafasiri humwita Khidhri, na mja yule akakitoboa. Musa alishtuka, kama ambavyo yeyote angeshtuka. Baadaye akaelezwa kwamba mbele yao alikuwapo mfalme aliyekuwa akivipora vyombo vyote vizima. Kasoro ile ndiyo iliyowasalimishia maskini wale mali yao. Wafasiri wengi husimulia kwamba kilichofanyika ni kung'oa ubao.

Mawaidha yanayotolewa juu ya kisa hiki hukaa kwenye hekima iliyofichika na subira ya Musa, na ni haki yake. Mtu wa pwani ataona jambo jingine pia. Ubao uliong'olewa unarudishwa. Mfalme akishapita, wenye chombo wanatafuta ubao mwingine, wanapiga misumari, wanakalafati kwa pamba na mafuta, na kesho yake wako kazini. Rehema ile ilisimama juu ya ukweli kwamba chombo kilikuwa kinatibika, na kinatibika kwa mikono ya wenyewe. Kingekuwa kitu ambacho kikivunjika basi, tendo lile lingewaacha maskini wale bila ya mfalme na bila ya chombo.

Kwa kipimo hicho, faiba inastahili sifa zaidi kuliko wapinzani wake wanavyotaka kukiri. Boti ya faiba iliyotoboka hutengenezwa pale pale ufukweni. Sehemu iliyokufa hukatwa, kingo zikasuguliwa kwa msasa mpaka ziwe na mteremko, kisha mkeka wa nyuzi za kioo hulazwa juu yake na kupakwa resini iliyochanganywa na dawa ya kukazia. Harufu yake huchoma pua. Resini huanza kupata joto yenyewe, hugeuka kutoka ulaini wa asali hadi ugumu wa kucha, na baada ya saa chache kiraka kimeshika. Kazi hiyo inawezekana Kilwa Kivinje, Msambweni, Mkoani. Alumini inataka weldi ya aina yake yenye gesi ya argoni, umeme usiopepesa, na fundi aliyesomea. Mchomeleaji wa mageti ya chuma hawezi kuifanya kwa vifaa alivyo navyo. Katika visiwa na vijiji vingi vya pwani, boti ya alumini iliyopasuka ni mgonjwa aliye mbali na hospitali.

Kipimo cha pili kinatoka kwenye tope. Mwaka 1986, ukame ulipoyapunguza maji ya Bahari ya Galilaya, ndugu wawili wavuvi waliona umbo la chombo likijichora ukingoni karibu na Ginosar. Kilikuwa chombo cha uvuvi cha urefu wa mita 8 na kidogo, chenye umri wa miaka ipatayo 2,000, yaani cha karibu na zama ambazo Petro na Andrea walikuwa wakishusha nyavu katika ziwa lile lile. Wachunguzi walipozipima mbao zake walikuta zaidi ya aina 10 za miti. Mwerezi na mwaloni ndiyo iliyokuwa mingi. Lakini kulikuwa na vipande vya msonobari, vya mtini, na hata mkunazi, mti ambao Waislamu wa pwani yetu huyatumia majani yake kuoshea maiti. Kwa maneno mengine, mwenye chombo alikuwa akikitia viraka kwa chochote alichokipata. Na kilipochoka kabisa, sehemu ambazo bado zilikuwa na kazi ziling'olewa, na mwili uliobaki ukaachiwa ziwa.

Majahazi ya Lamu na Unguja yamekufa hivyo hivyo kwa karne nyingi. Ubao wa jahazi kuukuu huwa mlango, kitanda, kuni za jikoni. Siku hizi huwa meza na fremu za vioo za kuuzia wageni. Kilichobaki huliwa na funza wa baharini hadi mchanga usijue kulikuwa na nini. Chombo kinazaliwa, kinaugua, kinatibiwa, kinakufa, na hakimwachii mtu deni.

Faiba haijui kufa namna hiyo. Resini yake ikishakaza haiyeyuki tena, kama ugali uliokwisha kuiva usivyorudi kuwa unga. Alumini ni kama mafuta ya nazi, ambayo huganda kwa baridi ya alfajiri na kuyeyuka jua likipanda, leo na kesho na keshokutwa. Huyeyuka kwa nyuzi joto 660, moto ambao hata mafundi wa sufuria wa jua kali wanaupata kwa makaa na kipepeo. Boti ya alumini iliyokufa hununuliwa na watu wa vyuma chakavu kwa kilo. Ya faiba haina mnunuzi.

Hata plastiki ya kawaida ina matumaini kuliko faiba. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishua Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, ubavuni likiwa limevishwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki ile ilikubali kuyeyushwa na kuwa mbao, mataruma na mkuku. Boti ya faiba haiwezi kupewa maisha ya pili ya aina hiyo. Ikichomwa, moshi wake ni sumu. Ikikatwa, vumbi lake huingia mapafuni. Ikizamishwa au kutelekezwa ufukweni, huchanika polepole kuwa nyuzi. Mwaka 2024 watafiti nchini Uingereza walieleza kwamba walikuta vipande vya nyuzi za kioo ndani ya chaza na kome katika bandari ya Chichester, mahali penye shughuli nyingi za boti. Chaza hao ni chakula. Chombo kilichotengenezwa kuvulia kinaishia kuingia ndani ya kile kinachovuliwa.

Isidhaniwe kwamba alumini ni malaika. Shida yake iko mwanzoni. Kuitoa kutoka kwenye mawe ya boksiti hadi kuwa chuma cheupe kunahitaji takriban uniti 13 hadi 15 za umeme kwa kila kilo moja. Kiwanda cha Mozal, kilichoanza kazi mwaka 2000 karibu na Maputo, kwa miaka mingi kilikula peke yake umeme mwingi kuliko Msumbiji yote iliyobaki. Na Oktoba 2010 bwawa la tope jekundu, taka ya kusafishia boksiti, lilipasuka Ajka nchini Hungaria, tope likafunika vijiji na kuua watu 10. Alumini ina uzazi mgumu; faiba ina kifo kigumu. Hapo ndipo uchaguzi ulipo hasa, na hapo ndipo mizani ya umeme na petroli inaposhindwa kutoa jibu.

Je, kuna tofauti ya kimaadili kati ya madhara yanayotangulia na madhara yanayofuata? Ipo. Katika mafundisho ya Kiislamu, mwenye kumdhulumu mtu hatoki dhambini kwa kumwomba Mungu msamaha peke yake. Lazima pia amrudishie aliyedhulumiwa haki yake au amwombe radhi. Wakristo nao wanamjua Zakayo aliyeahidi kuwarudishia watu mara nne. Dhuluma ya uzazi wa alumini ina watu wenye majina. Wapo waliokufa, na radhi yao haipatikani tena, lakini familia zao zipo, mahakama zipo, na mwenye kiwanda anaweza kuulizwa. Tena uzazi huo hutokea mara moja. Kuyeyusha alumini kuukuu hutumia karibu asilimia 5 tu ya nishati iliyotumika mwanzo, kwa hiyo gharama ile inaweza kugawanywa kwa vizazi vingi vya boti na sufuria. Dhuluma ya faiba inamwendea mtoto ambaye hajazaliwa. Hakuna wa kumwomba radhi. Hakuna wa kumuuliza kama amesamehe.

Watakuja wenye kusema kwamba basi turudi kwenye mbao. Ni wito mtamu, na si wa haki. Mvule uliounda mitumbwi ya Ziwa Viktoria umekuwa adimu, na mbao nzuri za kuundia vyombo pwani zimepanda bei kupita uwezo wa mvuvi mdogo. Faiba imeingia kwa sababu msitu umechoka. Kumwambia mvuvi akate mti ili kuiokoa bahari ni kumhamishia mzigo tu.

Basi kosa liko wapi? Liko kwenye biashara yenyewe, kabla ya kufika kwenye malighafi. Fiqhi ya biashara iko wazi: muuzaji anayeijua kasoro ya bidhaa yake akainyamazia amemdhulumu mnunuzi, na mnunuzi ana khiari ya kuirudisha. Kasoro inayozungumzwa huwa ni ufa, uozo, ugonjwa wa mnyama. Kifo kigumu nacho ni kasoro. Boti ambayo baada ya miaka 30 au 40 haitakuwa na pa kwenda imeuzwa na aibu ndani yake, na kuificha aibu hiyo kwa kuiita boti ya kisasa isiyooza ni kuigeuza kasoro kuwa tangazo.

Yaliyotokea Sri Lanka yanafaa kukumbukwa. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, misaada ilimiminika na boti za faiba zikagawiwa kwa wingi. Mahali pengine boti ndogo zilizotolewa zilizidi zilizopotea, na baadhi zilikuwa na udhaifu wa kuundwa. Waliotoa walikuwa na nia njema na walipiga picha siku ya kukabidhi. Mwisho wa boti zile walibaki nao wavuvi. Ufaransa imefanya jambo la busara zaidi: tangu 2019 ina mfumo unaowalazimu watengenezaji wa boti za starehe kuchangia gharama za kuzivunjavunja zikizeeka, na mwenye boti huipeleka kituoni bila kulipia uvunjaji. Kama Mfaransa mwenye boti ya matembezi analindwa hivyo, mvuvi wa Mafia au Kipini ana haki hiyo mara mbili.

Tanzania imekuwa ikiwapa vikundi vya wavuvi boti za faiba kwa mikopo nafuu, na boti hizo zinaokoa maisha. Mtu aliyewahi kuchota maji kwa kata usiku kucha ndani ya mtumbwi unaovuja hahitaji kuelezwa. Kwa bahari ya chumvi, mbali na mchomeleaji wa alumini, faiba ndiyo chaguo sahihi kwa sasa. Kwa maziwa ya maji baridi, karibu na Mwanza, Kisumu au Jinja ambako umeme upo na fundi wa kuchomea alumini anaweza kupatikana au kufunzwa, alumini inastahili kupewa nafasi ambayo haijapewa: chumvi haipo ya kuila, na siku ya mwisho ina bei ya kilo.

Kwa hiyo viongozi wa vikundi, maofisa wa uvuvi, wahisani na mafundi wa kalibu, ongezeni kifungu kimoja kwenye mkataba wa kila boti ya faiba mnayoitoa: nani ataichukua ikifa, ataipeleka wapi, na kwa fedha za nani. Nawe mvuvi, usitie dole gumba kabla hujasomewa kifungu hicho.