Nani Ameiharibu Kompyuta ya Parokia?



Wapendwa vijana, wiki hii sitaanza na Injili. Nitaanza na kompyuta. Injili tutaikuta njiani.

Parokia ninayofanyia mwaka wangu wa kichungaji ipo hapa Babati mjini. Ofisini tuna kompyuta moja ya mezani, ya kuunga. Yaani haikununuliwa dukani ikiwa kwenye boksi lake. Fundi aliijenga kipande kwa kipande: kava la huku, mazabodi ya kule, ramu mbili zisizofanana, hadi diski iliyotoka kwenye mashine nyingine. Prosesa yake ni Core i3 ya kizazi cha tatu. Na inatumia Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Najua wenye laptop mpya mnacheka. Lakini humo ndimo yalimo majina ya watoto wa Kipaimara, michango ya jumuiya na matangazo ya Jumapili.

Majuma matatu kabla ya Kipaimara, mashine ikaanza kuugua. Unaiwasha, inakwenda dakika kumi, inazima ghafla na kujiwasha yenyewe. Mara skrini ya bluu. Mara ukiagiza kuchapa karatasi tu, kimya.

Ilianza Jumatatu. Na Jumamosi yake, katibu wetu wa vijana alikuwa amechomeka flashi yake pale ili achape nyimbo za kwaya.

Unaona tayari jinsi kichwa chako kinavyokwenda? Changu kilikwenda hivyo hivyo.

Washitakiwa watatu

Kufikia Jumanne kila mtu alikuwa na jibu. Wa kwanza kushitakiwa alikuwa Windows 7: "Hiyo imeshakufa, mnategemea nini?" Wa pili alikuwa fundi aliyeiunga: "Vitu vya kuokoteza ndivyo vilivyo." Wa tatu alikuwa yule kijana na flashi yake. Huyu wa tatu ndiye aliyependwa zaidi, kwa sababu alikuwa na uso. Windows huwezi kuinunia. Fundi alishahamia mji mwingine. Kijana tulikuwa naye kila jioni kwenye mazoezi.

Mimi sikumwita nimwulize. Nilisimama mbele ya vijana siku ya Jumatano nikatangaza: "Kuanzia leo, hakuna kijana kugusa kompyuta ya ofisi. Wengine mnaleta virusi halafu mnakaa kimya." Jina sikulitaja. Sikuhitaji. Macho yangu yalilitaja. Alinyanyuka, akaweka ufunguo wa ofisi juu ya meza, akatoka. Ijumaa hakuja kwaya.

Kwa miaka mitatu ya falsafa nilifundishwa mantiki. Kosa moja tulilifanyia hadi mtihani: kudhani kwamba kwa kuwa jambo hili limekuja baada ya lile, basi limesababishwa na lile. Jogoo akiwika jua likachomoza, jogoo hakulileta jua. Niliandika vizuri kwenye mtihani. Maishani nikafeli.

Tulivyoipima

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilimwendea fundi mmoja mzee jirani na stendi, mtu wa redio na televisheni tangu zamani. Nikamweleza yote, nikamalizia: "Ni virusi, mzee wangu. Tupige tu Windows upya." Akaniuliza swali moja: "Frateri, umejuaje?"

Sikuwa na jibu. Akasema basi tusibadilishe kitu mpaka tujue, na tukibadilisha, tubadilishe kimoja kimoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na ikiugua tena unaanza upya.

Kwanza tuliitoa hadi diski tukaiunganisha kwenye laptop yangu, tukanakili kila kitu. Majina ya Kipaimara yalikuwa salama yote. Nilipumua. Halafu tukaipima ile diski, na flashi ya kijana, ambayo alikuwa ameiacha mezani pamoja na ufunguo. Zote mbili zilikuwa na kirusi: kile kinachoficha mafolda yako na kukuachia njia za mkato. Moyo wangu, naona aibu kusema, ulifurahi. Nikasema, "Si nilisema!"

Mzee hakujibu. Aliiacha diski pembeni, bila kuirudisha kwenye mashine. Tukachukua flashi nyingine mpya, tukaweka Linux inayoweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, tukaiwasha kompyuta kwa hiyo. Sasa fikiria: hakuna Windows 7. Hakuna diski. Hakuna kirusi. Washitakiwa wawili kati ya watatu hawamo kabisa ndani ya nyumba.

Dakika kumi na mbili. Ikazima.

Nilikaa kimya. Kama mtuhumiwa yuko nje na wizi unaendelea, basi mwizi ni mwingine. Kirusi kilikuwepo kweli, lakini hakikuwa ugonjwa huu. Windows 7 kuachwa na wenyewe ni hatari kweli, ila ni hatari ya namna yake. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipozunguka dunia, kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekewa kiraka Microsoft walichokwisha kukitoa Machi mwaka huo huo. Na Windows isiyohudumiwa tena kwa kawaida hailetewi viraka. Ni kama nyumba yenye mlango usiofungika. Lakini mlango kuwa wazi sicho kilichopasua sahani jikoni.

Tukaendelea. Tukatoa ramu moja, tukaacha nyingine. Ikazima. Tukabadilishana. Ikazima. Tukapuliza vumbi la kiangazi kwenye feni, na mnajua vumbi letu la Babati. Ikazima. Mwisho mzee akaazima pawa saplai ya kompyuta nyingine, akaichomeka. Tukasubiri. Dakika kumi na mbili zikapita, ikafika saa nzima, adhana ya alasiri ikasikika, mashine bado inaunguruma. Tukaifungua ile pawa saplai ya zamani: kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Miaka ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo ilikuwa imeila polepole. Ikitakiwa kutoa nguvu zaidi, inazidiwa.

Waswahili walishasema: mdhaniwa ndiye, kumbe siye.

Na bado kulikuwa na moja. Mzee akanyoosha mkono: "Na flashi yako, Frateri, tuipime." Ile ninayoitumia ofisini kila siku, ambayo hakuna aliyefikiria kuishuku, kwa sababu ni ya Frateri. Kirusi kilikuwemo. Kile kile.

Sijui nani alimwambukiza nani. Inawezekana kabisa kijana alikipata kwetu, labda kutoka kwangu. Mathayo 7:3-5 nimewahi kuitafakarisha mbele ya watu. Siku hiyo ilinitafakarisha yenyewe.

Kitu na mtu

Sasa tufikiri pamoja. Kwa nini njia ile ile iliyomfaa mzee ilikuwa dhambi kwangu? Yeye alishuku kila kitu: diski, ramu, feni, pawa saplai. Mimi nilimshuku mtu mmoja tu. Mbona yeye ana hekima na mimi nina hatia?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliligusa jambo hili katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 60. Anatofautisha kuhukumu vitu na kuhukumu watu. Ukihukumu kitu, kazi yako ni kukijua kilivyo tu, kwa sababu kitu hakidhuriki kwa wewe kukiwazia vibaya. Ramu niliyoishuku bure niliirudisha mahali pake, ikaendelea na kazi. Haikulia usiku. Lakini mtu, ukimwazia mabaya bila sababu ya kutosha, tayari umemdharau. Kwa hiyo penye mashaka juu ya mtu, tuelekee upande ulio mwema kwake. Thoma anakwenda mbali zaidi: ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Katika kosa la pili kuna mtu anayeonewa. Katika la kwanza hakuna.

Anataja pia mashaka yanatoka wapi. Wakati mwingine mtu mwenyewe ni mbaya, basi anadhani wote ni kama yeye. Wakati mwingine ana kinyongo au wivu na mwenzake, na mtu huamini haraka kile anachokitamani. Au ameishi sana na kuona mengi. Nilijipima. Kuona mengi siwezi kusingizia, nina miaka ishirini na kitu. Ukweli ni kwamba vijana walikuwa wakimsikiliza yule katibu kuliko mimi, na hilo lilikuwa likiniuma. Kirusi kilipoonekana nikafurahi. Hapo ndipo penye dhambi, si kwenye flashi.

Najua swali lako: "Frateri, kwa hiyo tuwe wajinga? Tuache ofisi wazi, kila mtu achomeke anachotaka?" Hapana. Thoma huyo huyo anasema kuna namna mbili za kufikiria baya. Unaweza kulifikiria kama tahadhari, ili dawa iwe ya uhakika, maana dawa inayoweza ugonjwa mkubwa itauweza na mdogo. Hiyo ni busara. Namna nyingine ni kukata hukumu moyoni kwamba fulani ndiye. Kupima kila flashi inayoingia ofisini, ya kijana, ya Frateri na ya Baba Paroko, ni tahadhari. Kutazama flashi moja na mwenye nayo ni hukumu. Ukitaka kujua uko upande gani, angalia: sheria yako inakugusa na wewe?

Katekisimu inaliweka chini ya amri ya nane. Anayechukulia kosa la jirani kuwa kweli bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo, ana hatia ya hukumu ya haraka (KKK 2477). Hata kimoyomoyo, vijana. Sisi huwa tunadhani dhambi ni kusema tu.

Mnakumbuka Yohane sura ya 9? Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza si "tumsaidieje?" Ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu analikataa swali lenyewe. Halafu anainama, anachukua udongo, anaanza kazi. Sisi tulikuwa na kompyuta mbovu, na swali letu la kwanza likawa "nani?" kabla ya "nini?"

Jina halina spea

Nilimfuata kijana nyumbani kwao, maeneo ya Maisaka. Nilimweleza yote, pamoja na flashi yangu. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza, akasema, "Nimekusamehe, Frateri. Lakini shida si mimi. Mama aliyasikia jumuiyani."

Sikuwahi kuongea jumuiyani kwao. Maneno yalikwenda yenyewe, kwa miguu ya watu wengine. Pawa saplai tuliipatia nyingine siku ile ile. Jina la mtu halina spea.

Ndiyo maana Kanisa linafundisha kwamba aliyemkosea mwenzake katika ukweli ana wajibu wa kurekebisha, hata kama ameshasamehewa (KKK 2487). Kitubio nilikwenda. Lakini kitubio hakikunipunguzia safari. Nilirudi mbele ya vijana siku ya Jumatano, mahali pale pale nilipotangaza, nikasema nilikosea na nikamtaja kwa jina, maana safari hii jina lilistahili kutajwa. Jumamosi nikaenda kwenye jumuiya ya mama yake. Wazee walinitazama. Mama hakusema kitu. Alinipa chai.

Kompyuta sasa ni nzima. Windows 11 haiikubali prosesa ya umri ule, kwa hiyo tumeweka Linux Mint, ambayo bado inahudumiwa na haigharimu shilingi. Flashi zote zinapimwa. Majina ya Kipaimara yalichapwa kwa wakati. Kijana amerudi kwaya. Ufunguo bado hajauchukua. Upo mezani, na kila asubuhi nikiwasha mashine nauona.

Kwa wiki hii, jiulize:

1. Ni nani nimeshamhukumu kwa sababu tu alikuwa karibu jambo lilipoharibika?
2. Nilipogundua kosa lake, niliumia au nilifurahi?
3. Msamaha wangu umefika mahali pote maneno yangu yalipofika?

*Ee Yesu, hukuuliza nani mwenye kosa bali uliinama ukaponya. Utupe subira ya kujua kabla ya kusema, na ujasiri wa kurudi tulikosema. Amina.*