Dawa ya Deni Kulipa

Makaburini kwetu, mtoto anapozikwa, husikika kauli moja: kazi ya Mungu haina makosa. Ni kauli ya imani, na sina nia ya kumnyang'anya mfiwa yeyote. Lakini mtoto wa miaka 3 anapofariki kwa ugonjwa wa selimundu, tunapaswa kujiuliza ni kazi ipi hasa tunayomhesabia Mungu. Yako mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba mtoto alizaliwa na ugonjwa. La pili ni kwamba ugonjwa huo umemuua angali mdogo. La kwanza linaweza kuitwa majaliwa. La pili, kwa ninavyoona, ni deni ambalo jamii haijalilipa, na si uchaji kumwandikia Mungu deni la wanadamu.

Naliita deni kwa sababu ya asili ya ugonjwa wenyewe. Selimundu hutokana na badiliko dogo katika kinasaba cha himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Mtoto akirithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama, seli zake nyekundu hujikunja mithili ya mundu, huziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, hata kiharusi. Kwa nini kinasaba cha namna hiyo hakikutoweka zamani? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki kwamba mtu anayerithi kinasaba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana kimeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Vizazi kwa vizazi kinga hiyo ilivusha watoto ambao malaria ingewachukua, nao wakawa mababu zetu. Wawili wenye kinasaba kimoja kimoja wanapozaa, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kupata vyote viwili. Huyo hafaidiki na kinga ile. Malaria ikimpata humwangusha upesi. Mwili wake ndio unaolipia uhai wa wengine.

Atasema mtu: kinasaba hakina nia, wala hakuna aliyefunga mkataba na mtoto huyo, basi deni litoke wapi? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama madeni yote yangezaliwa na mikataba. Mirathi inatufundisha vingine. Mrithi hakukopa, aliyekopa ni marehemu. Hata hivyo katika sheria ya Kiislamu mali haigawanywi mpaka madeni ya marehemu yalipwe. Anayepokea shamba hupokea na rehani iliyo juu yake. Sisi tumerithi uhai uliovuka malaria, na rehani yake imemwangukia mtoto mmoja asiyechagua kuibeba. Hata asiye na kinasaba hicho ameishi katika jamii iliyolimiwa, kuvuliwa na kulelewa na watu waliookolewa nacho. Kwa hiyo matibabu ya mtoto huyu si sadaka ambayo mwenye moyo hutoa na asiye nao huacha. Ni haki yake.

Je, deni hili linalipika? Ushahidi wa tiba unajibu kwamba sehemu yake kubwa inalipika. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba penisilini ya kumeza kila siku hupunguza maambukizi hatari ya bakteria kwa watoto wadogo wenye selimundu kwa zaidi ya asilimia 80. Baadaye ikaja haidroksiyurea, dawa iliyopunguza vipindi vya maumivu kwa watu wazima, lakini ikahofiwa kwamba ingewadhuru watoto wanaoishi penye malaria na utapiamlo. Hofu hiyo ilijibiwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto 606 katika Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, na vifo pia. Nchini Uingereza mtoto mchanga hupimwa kwa matone ya damu ya kisigino, na wenye selimundu walio wengi sana hufikia utu uzima. Tanzania, ambako inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, wapo wanaozikwa bila hata kujulikana waliugua nini. Kama majaliwa ndiyo yaliyowaua, yangewaua wenzao wa London vilevile.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za vinasaba vya selimundu, moja ikitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, nyingine milioni 3.1. Ni kweli hakuna anayedaiwa asichokuwa nacho, na bei hizo haziko ndani ya uwezo wetu. Lakini kushindwa kulipa deni kubwa hakufuti dogo. Kipimo cha mtoto mchanga, penisilini, chanjo ya nimonia na chandarua si vitu vya mamilioni ya dola. Isitoshe, gharama ambayo hazina ya serikali haiilipi haitoweki. Huhamia kwa mama anayefunga genge lake ili akalale wodini, kwa ndugu wanaotafutwa usiku watoe damu, kwa mtoto anayekosa mtihani. Wala umaskini peke yake hauelezi kila kitu. Huko Marekani wagonjwa wa selimundu ni takriban 100,000, wengi wao weusi. Wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa mwingine wa kurithi, wengi wao wazungu, hawafiki nusu ya idadi hiyo, lakini fedha za utafiti kwa kila mgonjwa zimekuwa nyingi zaidi upande wao. Fedha zilikuwapo. Mgao wake ndio uliokosa haki.

Wengine huwageukia wazazi: wangalipima kabla ya ndoa. Kupima ni hekima na kuhimizwe, lakini haki ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa haikupotea siku ya harusi ya wazazi wake. Injili ya Yohana inasimulia jinsi wanafunzi walivyouliza nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe, kisha akamponya.

Wala kudai matibabu si kuishindania kadari. Khalifa Umar alipogeuza msafara usiingie nchi ya Sham yenye tauni, kamanda wake Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu yuleyule. Penisilini nayo ni kadari, na anayeinyima asijifiche nyuma ya kauli ya makaburini. Tuendelee kuisema kauli hiyo kwa imani yote, baada ya kuhakikisha kwamba mtoto tunayemzika alipimwa akiwa mchanga na hakukosa kidonge chake. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na deni hili hulipwa mgonjwa akiwa hai.