Chombo na Hukumu

Je, mtu ana wajibu wowote kwa chombo anachokitumia? Swali hili huonekana dogo mbele ya maswali makubwa ya wema na ubaya yaliyowashughulisha wenye hekima tangu kale. Chombo hakina roho wala maumivu. Kikioshwa hakishukuru, kikiachwa na uchafu hakinung'uniki, na kikivunjika hakidai fidia. Aliyekinunua kwa fedha zake aweza kusema kuwa ni mali yake, na kwamba namna anavyokitendea ni shauri lake mwenyewe. Walakini viko vyombo ambavyo kazi yake haikomi katika kumtumikia mwenye navyo, bali hutoa habari juu ya kitu kingine. Mizani hutoa habari ya uzito, pishi hutoa habari ya kiasi, na miwani hutoa habari ya umbo. Mwenye chombo cha namna hii hana mali tu, ana shahidi. Tena mwenye shahidi hawezi kusema kuwa ukweli au uongo wa shahidi wake ni shauri lake peke yake, maana ushahidi humgusa na mwingine. Miongoni mwa mashahidi hao yumo mmoja akaaye jikoni, ambaye ni wachache wamtambuao: chujio la kahawa ya kumiminia.

Chombo chenyewe ni sahili. Ni koni ya kauri, kioo, chuma au plastiki, yenye tundu chini, iwekwayo juu ya kikombe au jagi. Ndani yake hutandikwa karatasi ya kuchujia, juu ya karatasi hutiwa unga wa kahawa, na juu ya unga humiminwa maji ya moto kidogo kidogo, mpaka kinywaji kichuruzike chini bila ya mashapo. Asili yake ni jikoni pia. Mwaka 1908, katika mji wa Dresden, Ujerumani, mama mmoja aliyeitwa Melitta Bentz alichoshwa na uchungu na mashapo ya kahawa ya nyumbani kwake. Alitoboa matundu kwa msumari katika chombo cha shaba, akachukua karatasi ya kukaushia wino kutoka katika daftari la shule la mwanawe, akaitandika humo na kumimina maji. Mwaka ule ule uvumbuzi wake uliandikishwa rasmi. Wengine walimfuata baadaye. Mwaka 1941 Peter Schlumbohm, mkemia Mjerumani aliyehamia Marekani, alibuni chupa ya kioo yenye kiuno chembamba. Na katika karne hii koni ya Kijapani yenye pembe ya nyuzi 60 imeenea duniani.

Lililo kubwa katika kisa cha mama wa Dresden si msumari wala karatasi, bali ni mahali shaka yake ilipoanzia. Mbele ya kikombe kichungu angaliweza kuilaumu buni, au kumlaumu muuzaji, au kumlaumu mkulima wa mbali asiyeweza kujitetea. Njia hiyo ilikuwa nyepesi, maana hulka ya mwanadamu hupenda kosa likae mbali na mkono wake. Yeye alikishuku chombo kwanza. Shaka iliyoelekezwa karibu ilizaa ufundi. Shaka iliyoelekezwa mbali aghalabu huzaa lawama tu.

Ili ijulikane jinsi chombo kiwezavyo kusema uongo, yafaa kutazama kinachotendeka ndani yake. Buni iliyokaangwa na kusagwa ina vitu vingi viwezavyo kuyeyuka katika maji, lakini kinywaji chema huchukua sehemu tu, yapata sehemu 18 mpaka 22 katika kila 100 za uzito wa unga. Uchachu wa kupendeza hutangulia, utamu hufuata, na uchungu hujitokeza zaidi mwishoni. Kwa hiyo watengenezaji hodari huchunga kiasi: gramu 15 za unga kwa gramu 240 za maji au karibu yake, na moto wa maji baina ya nyuzi 90 na 96. Humimina kwanza maji kidogo, yapata mara mbili ya uzito wa unga, kisha hungoja nusu dakika ili hewa iliyonaswa ndani ya kahawa katika kukaangwa itoke. Ndipo huendelea kwa mkono mtulivu. Maji yakipita upesi mno, kikombe huwa chepesi na kikali kwa uchachu. Yakikawia mno, kikombe huwa kizito kwa uchungu. Buni ni ile ile, mkulima ni yule yule, lakini habari mbili zinazopingana zimetolewa juu yake.

Katika mwendo huo uchafu huingia kimyakimya. Kahawa ina mafuta. Mafuta hayo hunata katika mifereji ya koni, katika jagi, na katika meno ya kinu cha kusagia. Yakikutana na hewa kwa siku kadhaa huharibika, yakatoa harufu nzito ambayo kahawa ya leo hulazimika kupita juu yake. Vumbi la unga huziba tundu, na maji hukawia. Maji yenye chokaa huacha ukoko mweupe ndani ya birika, na ukoko huo ukibanduka husafiri mpaka kikombeni. Karatasi mpya isiyosuuzwa kwa maji ya moto huweza kutoa ladha yake yenyewe. Hata sabuni, ambayo kazi yake ni kusafisha, ikiwa ya manukato na isiposuuzwa vyema, huwa mchongezi mpya mahali pa yule aliyefukuzwa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapana siku moja iwezayo kuonyeshwa kuwa ndiyo siku chombo kilipoanza kusema uongo.

Dawa ya haya yote ni nyepesi kuliko udhuru wa kuyaacha. Makapi na karatasi hutupwa mara kahawa inapokwisha, na koni huoshwa ingali na joto, kabla mafuta hayajashika. Sabuni hutumiwa kidogo na maji mengi. Plastiki haisuguliwi kwa waya, kwa sababu kila mkwaruzo ni nyumba ya uchafu ujao. Kioo chenye moto hakitiwi maji baridi, kisije kikapasuka. Birika lenye ukoko hutiwa maji yenye siki au ndimu, huchemshwa kidogo na kuachwa kwa muda, kisha husuuzwa mara kadhaa. Meno ya kinu hupanguswa kwa brashi kavu, kwani ya chuma huogopa kutu. Kwa wale watumiao chujio la kitambaa badala ya karatasi, desturi ni kukiosha kwa maji ya moto bila ya sabuni na kukihifadhi ndani ya maji mahali penye baridi, ili mafuta yaliyobaki katika nyuzi yasiharibike. Hapana katika kazi hizi hata moja ipitayo dakika chache za siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wa kunuka.

Sasa swali la wajibu larudi likiwa na uso mwingine. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1797 juu ya maadili, alifundisha kuwa wajibu ambao mtu hudhani kuwa nao kwa viumbe na vitu visivyo watu kwa hakika ni wajibu wake kwa nafsi yake mwenyewe, maana aharibuye ovyo huuharibu moyo wake. Fundisho hilo lina nguvu, lakini halitoshi mbele ya chombo kilicho shahidi. Pale mna mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mnywaji, wa pili ni chombo kama kingepewa utu, na wa tatu ni yule ambaye kazi yake inahukumiwa kwa kinywa cha chombo kile.

Mtu huyo wa tatu hapaswi kubaki jina tupu. Mbuni wa arabika hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuanza kuzaa vyema. Matunda yake huchumwa kwa mkono. Katika sehemu nyingi za milimani hukobolewa ganda, huachwa yachachuke ili utelezi utoke, huoshwa, huanikwa juu ya vichanja na kuchambuliwa moja moja. Gramu 15 za kahawa iliyokaangwa zina mbegu zaidi ya 100; na kwa kuwa tunda la kawaida lina mbegu mbili, kikombe kimoja ni matunda 50 na zaidi, ambayo kila moja liliguswa na vidole vya mtu. Juu ya mteremko wa Kilimanjaro, wakulima Waafrika waliunda chama chao mwaka 1925, na baada yake kikaja chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, ili walinde maslahi yao katika kilimo na mauzo ya zao hili. Watu hawaundi vyama kwa sababu ya jambo jepesi. Walijua kuwa tunda lao huhukumiwa mbali na macho yao, na kwamba asiyekuwapo hukumuni yampasa awe na mlinzi.

Wale ambao kazi yao ni kuionja kahawa ili ipangiwe daraja na bei wamekwisha kulitambua jambo hili. Kwa taratibu zilizozoeleka, kahawa moja huandaliwa katika vikombe vitano mbalimbali, ili kasoro ya kikombe kimoja isidhaniwe kuwa ni tabia ya gunia zima, wala isifichike. Vipimo vya unga na maji huwa sawa, vikombe huwa vya namna moja na visivyo na harufu, na kijiko husuuzwa baina ya kikombe na kikombe. Taratibu hizo hazikuwekwa kwa kukipenda kikombe. Ziliwekwa kwa kuogopa kumdhulumu mtu.

Yamkini mtu atapinga, aseme kwamba mnywaji wa nyumbani si hakimu wa mnada. Kikombe chake kimoja hakishushi bei ya kahawa wala hakimkoseshi mkulima karo ya mwanawe. Neno hili ni kweli kwa kikombe kimoja. Lakini bei ni kauli ya vinywa vingi vilivyokusanyika, na hakuna kinywa kati ya hivyo kisichoweza kutoa udhuru ule ule. Tena dhuluma haipimwi kwa hasara peke yake. Msengenyaji asiyeaminiwa na mtu hajapata kumdhuru aliyemsengenya, lakini hapana asemaye kuwa ametenda haki. Anayeionja kahawa katika chombo kichafu na kutamka kuwa kahawa ya mahali fulani ni mbovu amesema juu ya watu asiowajua neno asilolichunguza. Kosa lake ni dogo, lakini jina lake ni lile lile la kosa kubwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la wale waonao kuwa bidii hii yote ni anasa. Katika baraza za pwani kahawa humiminwa kutoka katika dele la shaba, nyeusi na chungu, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na watu huinywa kwa kashata na mazungumzo bila ya mizani wala kipimo cha joto. Ni ujinga kudhani kuwa kahawa hiyo ni duni. Huko kahawa haikuitwa kutoa ushahidi juu ya shamba. Imeitwa kuwakutanisha watu, na kazi hiyo huitimiza barabara. Walakini hata huko vikombe husuuzwa baina ya mnywaji na mnywaji, maana kila kazi ina usafi wake. Atakayekileta kipimo cha joto barazani ili awaaibishe wenzake amekosa adabu, na usafi wa koni yake hautamwokoa. Vivyo hivyo yule akusanyaye mabirika ya fahari na koni za kila nchi, akayapanga kabatini yang'ae, huku kinu chake kimejaa unga wa mwezi uliopita, amesahau kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kutunza si kuabudu, wala kumiliki si kutunza.

Lipo gumu moja zaidi. Ulimi huzoea. Mwenye chombo kichafu ndiye wa mwisho kuujua uchafu wake, kwa sababu ladha ile imekuja kwake polepole, na akipenda chongo huona kengeza. Huweza hata kuupenda ule uvundo na kuuita nguvu ya kahawa. Kwa sababu hii nia njema haitoshi. Yahitajiwa jaribio lisilotegemea nia. Koni itandikwe karatasi iliyosuuzwa, bila ya unga, maji ya moto yapitishwe, na yale maji yaonjwe yakiwa vuguvugu. Yakiwa na ladha, ladha hiyo si ya mkulima yeyote. Baada ya hapo kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: usagaji, kisha kiasi, kisha joto la maji. Kama kahawa ingali mbovu baada ya hayo yote, basi mnywaji ana haki ya kusema kuwa ni mbovu. Ipo kahawa mbovu duniani, iliyochumwa mbichi, iliyokaushwa vibaya au iliyoungua katika kukaangwa, na kuisifu kwa huruma ni uongo wa namna nyingine.

Kwa hiyo wajibu wa mtu kwa chombo chake ni wajibu wa kweli, japo haudaiwi na chombo. Huupokea chombo kwa niaba ya asiyekuwapo. Kabla hajamhukumu wa mbali, mtu anapaswa kwanza kukitazama kilicho mkononi mwake, akioshe, akijaribu kwa maji matupu, ndipo aseme.