Asiyefukuzwa

Je, mtu ana haki ya kumwomba Mungu nguvu za kubeba uchovu alioutafuta mwenyewe? Ninafundisha hesabu Uvira, ninakaa mtaa wa Nyamianda, na ninajitayarisha kwa nusu-maratoni ya Mbio za Amani za Kigali, kilomita 21 na kidogo. Jumamosi, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, ninashika barabara ya kusini: Kalundu penye bandari, kisha Kigongo, kuelekea Makobola, ziwa mkono wa kushoto, milima ya Mitumba mkono wa kuume. Kwenda si kazi. Kurudi ndiko miguu inakoanza kudai sababu. Jua limekaza, vumbi la malori limekauka mdomoni, na hakuna aliyenituma. Hapo maombi hutoka yenyewe: Bwana, nitie nguvu nifike.

Na hapo hapo ninawafikia akina mama walioshuka milimani na magunia ya makala mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo zimekaza. Wanaelekea sokoni. Wametoka nyumbani gizani, na mwishoni mwa njia yao hakuna medali, kuna bei ya gunia. Wao wakiomba nguvu, ninaelewa. Mimi, mwenye viatu vya mbio na mgongo mtupu, ninaomba kwa haki gani?

Hapa kwetu mtu anayekimbia huwashtua wenzake. Oktoba 1996, vita vilipoingia Uvira, watu walikimbia wakiacha sufuria mekoni. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, walikimbia maji na watoto mabegani. Kwa hiyo nilipoanza mazoezi, wazee walitoka nje kuuliza kuna nini huko ninakotoka. Jirani mmoja, mama wa makamo, alinisimamisha: "Mwalimu, nani anakufukuza?" Nikamwambia hakuna. "Basi tembea, mwanangu."

Neno lake limekaa nami kuliko mahubiri mengi. Anayefukuzwa hana haja ya kutafuta hamu, hofu inamtosha. Mimi hamu yangu huisha njiani kila Jumamosi, na ikishakwisha hakuna kilichobaki nyuma yangu cha kunisukuma.

Mzee mmoja wa shirika letu la kanisani anasema Mungu hashughuliki na michezo. Sikubaliani naye, na sababu yangu ni Kwaresima. Kila mwaka tunafunga katika mji wenye nyumba zinazolala njaa bila kuchagua. Ndugu zetu Waislamu wanafunga Ramadhani katika mji huo huo. Hakuna anayesema kufunga ni kuwatukana wenye njaa. Lakini nabii Isaya, sura ya 58, ameweka sharti kali: mfungo anaoutaka Mungu ni ule unaommegea mwenye njaa mkate na kumpokea asiye na makao. Njaa ya hiari, basi, ina kazi ya kukufungulia macho juu ya njaa ya lazima. Naamini uchovu wa hiari una kazi hiyo hiyo. Anayefukuzwa hawezi kutazama kando. Asiyefukuzwa anaweza, na kwa kuwa anaweza, anadaiwa.

Ng'ambo ya ziwa alitoka mtu aliyetazama kando. Mwaka 1996, Atlanta, Vénuste Niyongabo wa Burundi alitegemewa katika mita 1500. Akamwachia nafasi hiyo Dieudonné Kwizera, mkubwa wake, aliyekuwa amepitwa na Olimpiki katika miaka yake bora kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Niyongabo mwenyewe akaingia mita 5000, mbio alizokuwa na uzoefu mdogo sana nazo. Tarehe 3 Agosti alishinda dhahabu, medali ya kwanza ya Burundi, siku tisa tu baada ya mapinduzi ya kijeshi kule nyumbani. Watu husifu ile mizunguko ya mwisho. Mimi nasifu zaidi ile nafasi aliyoitoa kabla mbio hazijaanza, wakati hakuna aliyejua kama atapata kitu badala yake.

Siku hizi, hamu inapokufa, ninamwombea yule aliye mbele yangu barabarani mpaka nimpite, kisha anayefuata: mvuvi anayeanika ndagala, kijana anayesukuma baiskeli ya bidoni, mama wa makala. Miguu haipungui uzito. Ila ninakuwa na sababu ya kufika kwa mtu wa mbele, na barabara yetu haikosi watu.

Mara nyingine ninamkuta mama amepumzika kando, gunia chini, anangoja mtu wa kumtwisha. Ninasimama. Kusimama katikati ya mbio ndefu kunaharibu mwendo. Kuanza upya kunauma kuliko kuendelea. Ninamtwisha, anakaza kamba, ananishukuru, ninamtakia soko jema. Kisha ninaanza tena, mapaja yamekuwa mawe, na mpaka Nyamianda bado ni mbali vilevile.