Mgeni Mwenye Nyumba Yake

Katika Septemba 1960 John Steinbeck, mwandishi wa Marekani, aliondoka kwake Sag Harbor, New York, pamoja na mbwa wake Charley, katika gari ambalo nyuma yake palijengwa chumba chenye kitanda na jiko. Aliliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Asafiriye hivyo hana haja ya kitanda cha rafiki wala chungu chake. Hupiga hodi, huamkia, na usiku hurudi kulala garini mwake. Je, huyu ni mgeni au mpita njia?

Wako wasemao kuwa huo ni wema mtupu, kwa kuwa hamchoshi mwenyeji. Wahenga waliosema mgeni wa siku ya tatu apewe jembe waliujua uzito wa kukaribisha. Lakini asiyehitaji kitu humnyima rafiki yake nafasi ya kutoa. Urafiki hukua kwa kupeana, na kupokea ni nusu ya kupeana. Aogopaye kuwiwa hata kikombe cha maji aogopa kufungwa na mapenzi.

Basi gari si kosa. Kosa ni mlango wake kufungwa. Katika kitabu chake cha 1962 Steinbeck asimulia jinsi alivyowakaribisha garini wavunaji viazi waliotoka Kanada, huko Maine, akawa mwenyeji ugenini. Msafiri na alale kwake apendapo, lakini leo ale mezani kwa rafiki, na kesho rafiki anywe kahawa garini mwake.