Je, ni Dhambi Kumlilia Paka?

Mjane mmoja amefiwa na paka wake, naye analia. Majirani wanamcheka: mnyama tu! (Panya walipozidi, ndio hao waliomwazima.) Je, ni dhambi? Hapana. Paka huyo alilinda mahindi ya mjane, na usiku alilala miguuni pake. Sasa nyumba i kimya. Nabii Natani alipomsimulia Daudi habari za maskini na mwanakondoo wake wa pekee, mfalme hakucheka, alimkasirikia aliyemnyang'anya. Katekisimu ya mwaka 1992 yaruhusu kuwapenda wanyama, ila wasipewe upendo uwapasao wanadamu peke yao. Basi mjane amzike paka wake na kulia. Lakini upendo huo uwapasao wanadamu, nani amempa yeye? Tangu mumewe azikwe, aliyeingia mlangoni pake kila jioni alikuwa paka.